Onorable Hapana na Mkeka Wake

Ukivuka mto Lualaba kutoka Kindu kwenda Alunguli utampita Soudi, hata kama hutamtazama. Anakaa kwenye ngazi ya tatu ya kivuko, upande wa Alunguli, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, kafi yake imelazwa magotini. Mtumbwi wake ni wa mti wa mvule, mweusi, umefungwa palepale chini ya miguu yake kama mbuzi wa nyumbani. Wavushaji wenzake wanamwita Onorable. Wageni hudhani aliwahi kuwa deputé, yaani mbunge, maana njo hivyo deputé wanavyoitwa huku kwetu. Hajawahi. Kura yake moja inamtosha, na kura hiyo ni hapana.

Sikilizeni kwanza jinsi kivuko chetu kinavyojitawala, ndipo mtamwelewa Soudi.

Wavushaji wa pale ni tisa. Wanakutana chini ya bati la depo ya chumvi, kila mmoja na mkeka wake. Anayekubali jambo hana la kufanya, anakaa tu. Asiyekubali anasimama, anakunja mkeka wake, anauweka kwapani. Hapo kikao kimekufa. Na hakifi peke yake: kila kilichokubaliwa asubuhi ile kinakufa pamoja nacho. Mwaka mmoja walikubaliana saa mbili kutengeneza ngazi za kivuko. Saa nne yakaja maneno mengine, Soudi akakunja mkeka, na ngazi zikabaki mbovu mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mama Yvette aliteleza pale na beseni la nyanya. Mpaka leo akimwona Soudi anauliza, "Onorable, nyanya zangu ulizikunjia wapi?"

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwetu kidole kimoja kilivunja kikao, na watu waliheshimu. Waliheshimu kwa sababu sheria hiyo ilizaliwa na damu, na aliyeizaa ni huyuhuyu Soudi.

Ilikuwa miaka ya vita. Soudi alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na mke wake Hawa alikuwa bado mke mpya, mzuri, mwepesi wa kucheka. Hawa alilelewa na bibi yake katika mtaa wa Waislamu upande wa Kindu, na bibi yule alikuwa anasema Kiswahili cha wazee waliotoka pwani. Sisi wengine tukimwita mtu tunasema "kuya"; "njo" yetu ni ile "ndio" ya watu wa pwani. Hawa alisema "njoo." Kwa neno hilo njo alivyomshika Soudi. Alisimama ukingoni siku moja na kapu lake, akamwita, "Njoo, mvushaji," na Soudi, aliyekuwa katikati ya mto na abiria wanne, akageuza mtumbwi na abiria wote. Tangu siku hiyo, mawazoni mwake, neno lile lilikuwa lake. Lilikuwa kama mswaki, mtu haazimi.

Katika vita ile akaja Anaclet. Alitoka Pangi, mchimba madini aliyekimbia na nguo alizovaa, na mabega mapana kama mlango wa kanisa. Hakuwa na mtumbwi. Alibeba mizigo ya watu kivukoni, akajifunza kafi, na kabla ya miezi sita abiria walikuwa wanauliza, "Anaclet iko wapi?" Wavushaji wakampa mkeka wa marehemu mmoja, akawa wa tisa. Soudi alikubali naye. Alikaa juu ya mkeka wake.

Halafu siku moja, Soudi akiwa katikati ya maji na upepo ukitoka Alunguli, alisikia sauti ya mke wake. "Njoo!" Akainua kichwa, akashukuru Mungu. Kumbe haitwi yeye. Kule ukingoni, mbali, aliona mabega yale ya Pangi, na mbele yake kitambaa cha Hawa. Kisha akasikia kicheko, Hawa amejikunja amejishika tumbo, na yule mtu anacheka naye. Soudi alipofika ng'ambo hapakuwa na mtu tena ukingoni. Nyumbani alikuta chakula. Akala. Hakuuliza.

Hakuuliza siku ile, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata.

Basi, haikupita hata wiki mbili tangu kicheko kile, watu wenye bunduki waliokuwa wanashika mji wakatuma neno: mitumbwi yote ya upande wa Alunguli ipelekwe Kindu siku ya Ijumaa, ikahesabiwe. Rémy, mkubwa wa wavushaji, akaita kikao. Akasoma karatasi mara mbili. Nani angekataa? Waliogopa, na woga huo haukuwa aibu. Wakaanza kupanga nani apeleke mtumbwi upi. Soudi alikuwa ameumia bega, hawezi kupiga kafi.

"Mtumbwi wa Soudi atapeleka Anaclet," akasema Rémy. "Yeye hana wake."

Wote wakasema ndiyo. Soudi akasimama, akakunja mkeka.

Zamani kukunja mkeka katikati ya maneno kulikuwa ni utovu wa adabu tu, hakukuwa sheria. Watu wakamtazama.

"Soudi, kuna nini?" akauliza Rémy.

Soudi alitafuta neno. Lile lililokuwa moyoni halikufaa kusemwa mbele ya wanaume wanane. Akasema lililokuja: "Muntu anayehesabu kitu chako, anataka kukibeba."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Lakini mitumbwi saba ikienda bila wa nane, wenye bunduki wangeuliza wa nane uko wapi. Ama yote, ama hakuna. Mwishowe wakaijaza mawe yote minane, wakaizamisha kwenye matete ya juu, wakatuma neno kwamba mto ulipanda ukaibeba.

Jumapili milio ya bunduki ikaanza. Vivuko vingine vilivyopeleka mitumbwi yao havikuiona tena, na watu wa huko walisimama ukingoni na watoto mgongoni wakitazama maji. Wale tisa wa kwetu walitoa mawe, wakainua mitumbwi, wakavusha watu siku mbili mfululizo kuwapeleka kwenye mashamba ya juu. Hakuna aliyehesabu ni wangapi. Na kwa kuwa bega la Soudi lilikuwa bovu, mtumbwi wake aliupiga kafi nani? Anaclet. Soudi alikaa nyuma kama mzigo, akichota maji kwa kopo, na siku mbili zile, wakati watu wanamlilia kwa shukrani, yeye aliona kitu kimoja tu mbele yake: mgongo wa Anaclet.

Vita ilipotulia, Rémy aliwaketisha. "Wanane tulisema ndiyo," akasema. "Ndiyo zetu nane zingeua watu, hapana ya mmoja imewaokoa. Kuanzia leo akikunja mmoja, tumekunja wote." Wakaapa, Waislamu kwa yao na Wakristo kwa yao. Soudi akawa Onorable, na zamani hizo jina hilo halikuwa utani.

Imepita zaidi ya miaka ishirini. Wengine wamekufa, watoto wao wamerithi mikeka. Rémy ni mzee sana, anashikwa mkono kushuka ngazi. Anaclet ameoa, ana mitumbwi miwili, mabega ni yaleyale. Na Soudi amekuwa mtu wa kuangalia. Anaangalia abiria wanaopita mtumbwi wake mtupu na kwenda kusubiri wa Anaclet. Anaangalia nani anamsalimia Anaclet kwa mikono miwili. Pikipiki ikipakiwa kwa Anaclet bila kutikisika, anatema mate majini. Akisifiwa mvushaji mwingine yeyote, anasema aksanti kwa niaba yake. Akisifiwa Anaclet, meno yanamuuma.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Hélène mkunga alileta habari. Hélène anazalisha Alunguli yote. Mara ngapi amesimama kwenye ukingo na mwanamke anayejikunja kwa uchungu, anangojea mtumbwi ujae ndipo uondoke! Sasa wafadhili fulani walikuwa tayari kutoa boti yenye mota, ya wagonjwa tu, ilale kwenye kivuko chetu. Masharti yalikuwa mawili: sahihi za wavushaji wote tisa, na jina la dereva mmoja. Karatasi irudi kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Isiporudi, boti itapelekwa kivuko cha chini, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Wakakaa. Dereva? Hata hawakufikiri. "Anaclet," wakasema kama watu wanaoitikia sala.

Soudi akakunja mkeka.

"Mota itafukuza samaki," akasema.

"Onorable," akauliza Cédric, aliyerithi mkeka wa baba yake na mdomo wake pia, "tangu lini wewe unavua?"

Wiki ya pili wakakaa tena. Soudi akakunja. "Boti yenyewe nyeupe. Kiboko akiiona atafikiri ni nini?"

"Atafikiri njo deputé anakuja kuomba kura," akasema Cédric, na watu wakaanguka kwa kicheko, lakini kikao kilikuwa kimekufa.

Wiki ya tatu hakutoa sababu. Alisimama, akakunja, akaondoka. Nyuma yake alisikia, "Leo amekula ugali na hapana." Hakugeuka. Hélène alimfuata mpaka njiani.

"Papa Soudi, Francine wa kule kwenye bustani ana mapacha tumboni. Mwezi ujao njo wakati wake. Mimi nimwambie nini?"

"Umwambie Onorable amekataa," akajibu Soudi, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

Alipofika nyumbani, Hawa alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakusimamisha mchi.

"Baba Neema, umekunja tena?"

"Nimekunja. Niko na haki."

"Haki uko nayo. Nakuuliza sababu."

"Sababu niliyokunjia wakati wa vita ulijua? Hapana yangu iliokoa watu."

Hapo mchi ukasimama. "Ile? Kule kikaoni ulisema muntu anayehesabu anataka kubeba. Maneno mazuri, yanasimuliwa mpaka leo. Na hapa nyumbani, nikikufunga bega, ulisema nini?"

Soudi akainama kuokota jani la sombe lililoruka nje ya kinu.

"Ulisema, 'Anaclet hatapanda mtumbwi wangu.' Mara tatu. Mimi nilikuwa nashika kitambaa hiki, masikio sikuyafunga. Nimenyamaza miaka yote, nikasema Mungu anaweza kutumia hata wivu. Lakini sasa nieleze. Yule mtu alikukosea nini?"

Na Soudi, mzee mwenye wajukuu, akasema kama anayetapika: "Ulimwita njoo."

"Nani?"

"Wewe. Anaclet. Ukingoni. Ulisema 'njoo,' na mkacheka."

Hawa alifikiri. Kisha midomo ikaanza kumcheza. "Ee Mungu wangu. Mchele!"

"Mchele gani?"

"Mchele wa Kibombo! Nilikuwa nimeweka gunia kwenye tope, likaanza kuteleza kwenda majini. Nalishika, linanivuta. Namwona yule mtu wa Pangi amesimama tu, nikapiga kelele: 'Njoo!' Naye hajui Kiswahili cha bibi yangu. Anafikiri namwambia 'njo.' Anasimama kama mti, ananiuliza, 'Njo nini, mama?' Namwambia, 'Njoo!' Anasema, 'Nimesikia, njo. Lakini njo nini?' Na mchele unaondoka!" Alikuwa anacheka sasa, machozi yanamtoka, mchi mkononi. "Gunia liliingia majini lote, tukalitoa na mchanga wake. Ulikula wali wenye mchanga siku ile, hukuona?"

Soudi alikumbuka mchanga. Hakucheka.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema Hawa.

"Ningeuliza nini?"

"Ungeuliza kama yeye. 'Njo nini?' Basi."

Labda mnafikiri wivu uliishia pale, kwenye kinu. Hapana, wapendwa. Wivu uliokaa miaka ishirini na kitu hauhitaji tena ile sababu iliyouleta. Umeshajenga, una mlango wake na ufunguo wake. Soudi alitoka pale akiwa na uchungu mpya. Kwa hiyo kulikuwa na mzaha, mzuri, wa Kiswahili cha mke wake, na aliyekuwa ndani ya mzaha huo alikuwa Anaclet. Yeye aliambulia mchanga.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Asubuhi Hélène alisimama juu ya ngazi na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na Hawa kando yake na kapu lake la mchele. Wanaume tisa wakatandika mikeka. Rémy akauliza habari ya boti, na kabla mtu hajajibu, Anaclet akainua mkono.

"Mimi nilikuja hapa bila kitu," akasema. "Mukanipa mkeka. Katika vita nilivusha watu kwa mtumbwi wa Papa Soudi, maana mimi nilikuwa sina. Kwa hiyo leo nasema, dereva aandikwe Papa Soudi. Yeye ashike mota nyuma. Mimi nitakaa mbele na upondo, nimwonyeshe mafungu ya mchanga."

Minong'ono ikapita. Kisha mmoja akasema ndiyo, na mwingine, na Cédric mwenyewe akasema ndiyo, mpaka wakafika wanane. Wote wakamgeukia Soudi, wakitabasamu, kama watu waliomletea mtu zawadi.

Soudi alihisi masikio yanawaka. Hata wema! Hata kwenye wema Anaclet alikuwa amefika kwanza. Na akaiona boti ile waziwazi: yeye nyuma kwenye mota, Anaclet mbele na upondo, na kila safari, kwenda na kurudi, mpaka kufa kwake, mbele ya macho yake ule mgongo.

Akasimama. Akainama, akashika pembe ya mkeka.

Juu ya ngazi Hélène alifumba macho.

"Soudi," akasema Rémy, "unakunja?"

"Sitaki."

"Hutaki boti?"

"Sitaki kupewa na Anaclet!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga. "Anitolee sadaka mbele ya watu, na kesho kivuko chote kiseme ni mtu mzuri? Aendeshe mwenyewe! Ateseke na mota yake. Aamshwe yeye na kila mimba ya Alunguli. Mimi nimekosa usingizi wangu?"

Mzee Rémy haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya panya. Hakungoja hata pumzi moja.

"Dereva ni Anaclet," akasema haraka. "Soudi amependekeza. Kuna mwenye kukunja?"

"Muzee, pembe ya Onorable imekunjwa!" akasema Cédric, anayependa sheria pale zinapochekesha.

"Pembe si mkeka," akajibu Rémy. "Soudi, mkeka wako uko namna gani?"

Soudi aliangalia chini. Pembe ilikuwa bado mkononi mwake. Alihisi kama amevushwa na mto bila kupiga kafi, na hakujua vizuri ni wapi alipopandia. Angeweza kuvuta. Mkono ulimtaka avute. Alimwangalia Anaclet, aliyekuwa ameinamisha kichwa akijizuia kucheka au kulia, haikujulikana. Kisha akaiachia pembe, ikarudi chini polepole.

"Uko wazi," akasema, akakaa juu yake kwa nguvu, kama mtu anayekalia mlango wa banda ili kuku wasitoke.

Hélène alikuwa ameshafika chini na kalamu.

Boti ilikuja, nyeupe kwelikweli, na viboko hawajalalamika. Francine alivuka nayo na mapacha wake wakazaliwa hospitalini, wavulana wawili. Wa kwanza akaitwa Anaclet. Soudi alipopata habari alikaa siku mbili bila kusema na mtu, halafu akamuuliza mke wake, "Na wa pili?"

"Rémy."

"Rémy! Yeye alifanya nini? Mkeka uliachwa na nani?"

"Nenda kakunje jina la mtoto," akasema Hawa.

Kila asubuhi, kabla Anaclet hajafika, Soudi anashuka kuikagua ile boti. Anatafuta kosa. Anagusa kila msumari, ananusa mafuta, anapitisha kidole kwenye mota, na akikuta uchafu anangoja mwenye boti aje amwonyeshe mbele ya abiria. Anaclet anafuta, anakaza, anasema aksanti, papa. Hakuna boti inayotunzwa hivyo Maniema nzima, maana hakuna inayochukiwa kwa uangalifu kama huo.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa naye pale kwenye ngazi ya tatu. Boti ilikuwa inarudi kutoka Kindu, maji yamepanda, na Anaclet alihitaji mtu wa kudaka kamba. Akaangalia ukingo wote, akachagua.

"Papa Soudi!" akaita. "Njoo!"

Amejifunza neno, unaona. Soudi hakuinuka. Alipanga kafi yake vizuri magotini, akajibu kwa meno yaliyofungwa:

"Njo nini?"

Juu ya ngazi, kwenye kapu la mchele, Hawa akaangua kicheko. Na Soudi, aliyekuwa ameshaanza kunyoosha mkono kuidaka kamba, akageuka haraka kuangalia anamcheka nani.